Siku Tisini na Sita

Ajenti alihesabu siku zangu mara tatu. Mara ya kwanza kwa kidole, akifuata mihuri kwenye pasipoti. Mara ya pili kwa kikokotoo cha simu. Mara ya tatu alinisukumia pasipoti pamoja na kalamu, akasema, "Hebu hesabu wewe, dada. Labda ni mimi nakosea."

Hakuwa amekosea. Desemba 16, 2021 hadi Januari 5: siku 21. Mei 10 hadi Juni 27, 2022: siku 49. Februari 2 hadi 27, 2023: siku 26. Jumla, 96.

"Zapita," akasema. "Zapita kwa siku saba."

Ilikuwa Septemba 2023, ofisi ndogo ya ghorofa ya pili karibu na Moi Avenue, Mombasa, feni ikizunguka bila kumsaidia mtu. Nilikuwa nimerudi nyumbani kabisa baada ya miaka saba ya unesi Leeds. Huko Kilindini, ndani ya bandari, Audi TT yangu nyekundu ilikuwa imekaa juani siku ya sita, na stoleji ya bandari haisubiri mtu amalize kushangaa.

Wacha nieleze sheria, kwa sababu mimi mwenyewe nilidhani naijua. Mkenya aliyeishi ng'ambo akiamua kurudi, anaruhusiwa kuja na gari moja bila kulipa ushuru. Si hisani ya mtu, imo kwenye sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Uwe umetimiza miaka 18. Uwe umeishi nje angalau miaka miwili. Gari liwe lako, na uwe umelitumia huko miezi 12 au zaidi. Juu ya hapo Kenya ina masharti yake ya magari yaliyotumika: usukani uwe kulia, na lisiwe limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Langu lilisajiliwa 2016, na Waingereza huendesha upande mmoja na sisi. Kila kitu nilikitia tiki.

Halafu kuna hilo la siku tisini. Katika miaka miwili kabla ya kurudi, usiwe umekaa Kenya siku 90 au zaidi. Nililisoma nikiwa kwa basi, nikitoka shifti ya usiku, nikaelewa wanamaanisha siku tisini mfululizo. Nani hupata likizo ya siku tisini? Nikasonga mbele. Kumbe zinajumlishwa. Krismasi, ruracio, ugonjwa, matanga, zote zinaingia kwenye kapu moja. Kwenye lile kundi letu la WhatsApp la Wakenya wanaorudi, watu walibishana usiku kucha kuhusu miezi 12 na miaka minane, na sikumbuki mtu hata mmoja akiuliza habari ya siku. Nadhani kila mmoja wetu aliona aibu kidogo kuhesabu siku alizokaa kwao.

*

Sasa utaniuliza, kwa nini Audi TT? Mjomba wangu aliuliza hivyo hivyo, ila yeye aliuliza linabeba magunia mangapi. Binamu zangu walitaka nije na Prado ama nisilete kitu. Rafiki yangu mmoja wa Thika, ambaye nampenda sana, alinifanyia hesabu nzima kuonyesha kwamba nikiliuza Leeds nanunua Probox mbili hapa na nakuwa na biashara. Alikuwa sahihi. Bado yuko sahihi.

Jibu langu linaanzia mwaka 1987, kabla sijazaliwa. Pasaka ya mwaka huo Baba alikuwa kijana fundi wa magari Nakuru, na Safari Rally ilipopita upande wa kwetu alienda kusimama kando ya barabara pamoja na nusu ya mtaa. Mwaka uliotangulia yale magari makali ya Group B yalikuwa yamepigwa marufuku baada ya watu kufa Ulaya, kwa hivyo Audi wakaja na 200 Quattro, ligari likubwa la milango minne, la kubebea meneja wa benki. Watu walilicheka, anasema Baba. Hannu Mikkola akashinda nalo, mwenzake Walter Röhrl akawa wa pili na jingine kama hilo, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne kushinda Safari. Baba aliimeza ile vumbi akarudi nayo nyumbani. Utoto wangu wote nilisikia habari ya magurudumu manne yanayochimba kwa pamoja. Watoto wengine walisimuliwa habari za sungura na fisi.

Hakuwahi kumiliki Audi. Alimiliki Peugeot 504 pikapu, halafu Datsun, halafu baiskeli.

Kwa hivyo Machi 2022, nilipopata TT iliyotumika, injini ya lita mbili, kwa pauni 14,500 ambazo nilikuwa nimezikusanya shifti baada ya shifti, mtu wa kwanza kutumiwa picha alikuwa yeye. Ilimchukua siku nzima kujibu. Akatuma sauti, compressor ya gereji ikinguruma nyuma yake.

"Mami," akasema. Aliniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mamake. "Mami, hiyo ni kwatro ya ukweli, ama ni stika tu?"

Nikampigia picha ile nembo iliyo nyuma. Akacheka. Stika ya kwatro, akasema, unapata kwa mia mbili, na amewahi kuiona imebandikwa kwa Vitz. "We ilete. Nitaingia chini nione shafti ya nyuma na macho yangu."

Hapo sauti yake ilikuwa tayari ina mkwaruzo. Mimi ni nesi. Niliusikia ule mkwaruzo nikaupa jina la homa, kwa sababu nilikuwa maili elfu nne na homa ndiyo ningeweza kuimudu kutoka huko.

*

Ilikuwa saratani ya umio. Mei niliomba likizo yote niliyokuwa nayo, na nyingine isiyo na malipo, nikaja. Wiki tano za kwanza sitaki kuzieleza sana. Ni foleni, ni faili, ni kuketi kwenye viti vya chuma ukisikia majina ya watu wengine. Walimwekea kibomba kwenye umio ili chakula kipite. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya Juni 20.

Wikendi kabla ya tarehe hiyo Baba alikuwa sebuleni, runinga imewashwa, wakitangaza kwamba rally inaanza Alhamisi kule Nairobi, na Jumamosi magari yatakimbia Soysambu. Hakuniomba kitu. Alisema tu, kama mtu anayezungumza na runinga, "Soysambu ni hapa tu."

Nikapiga simu kwa shirika la ndege nikasongeza tiketi wiki moja. Ilinigharimu pauni 120. Nilidhani hiyo ndiyo bei.

Tulienda asubuhi ya Jumamosi, Juni 25, kwa gari la kuazima, Karis akiendesha. Karis ndiye kijana aliyefunzwa kazi na Baba tangu ana miaka kumi na tano. Tulimwekea Baba kiti cha plastiki kwenye mwinuko, blanketi magotini, barakoa kwa ajili ya vumbi, ambayo aliivua mara tu vumbi la kwanza lilipotokea. Ukishaenda rally unajua jinsi inavyokuwa: kwanza helikopta, halafu kimya, halafu mtu anapiga kelele, halafu kitu kinapita na huna hakika umeona nini. Baba alikuwa hatazami rangi wala majina. Alikuwa ameinama kutoka kwenye kiti, akitazama chini, magurudumu.

"Yanachimba yote," alimwambia Karis. "Umeona? Yote."

Baadaye kidogo akalalamika kwamba zote ni Toyota. Hakuwa mbali na ukweli, mwaka huo Toyota walichukua nafasi ya kwanza hadi ya nne, na Kalle Rovanperä akashinda. Nikamnunulia yai la kuchemsha kwa kijana aliyekuwa akipita na ndoo. Alilila lote. Lilimchukua kama dakika ishirini, kipande kwa kipande, akishushia na maji ya vuguvugu kutoka kwenye flaski, na hakuna aliyemharakisha. Kabla ya saa sita alikuwa amechoka, tukarudi.

Juni 27 niliondoka. Alifariki Januari 31. Nilitua Februari 2.

*

Pale Mombasa, ajenti alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo kwa sababu najua jinsi sehemu inayofuata itasomeka. Alichukua bahasha kuukuu, akaigeuza, akaanza kunichorea njia. Kama ningechelewa kurudi mpaka Desemba 23, baadhi ya siku zangu za ile Krismasi ya 2021 zingekuwa zimetoka nje ya ile miaka miwili, na ningebaki na 89. Lakini gari la 2016 likigonga Januari 2024 bado liko baharini, hairuhusiwi hata kulishusha. Na kazi yangu mpya Nairobi ilikuwa inaanza Oktoba. Na nilikuwa nimesharudi, nimeketi mbele yake. Alizichora njia zote hizo kwa heshima, akazikata moja moja.

Halafu akainuka, akafunga mlango.

"Kuna watu hupoteza pasipoti," akasema.

"Vipi?"

"Yapotea tu, dada. Mtu aenda polisi, aandikiwa abstrakti, aomba nyingine. Mpya haina mihuri." Akavuta faili langu. Ndani yake, kwa sababu nilikuwa nimechapisha kila barua pepe niliyoiona ina tarehe, kulikuwa na ile tiketi ya kwanza, kabla sijaisongeza. Akaigonga kwa kalamu. "Na hii hapa yasema uliondoka Juni 20. Waiambatanisha na fomu. Themanini na tisa. Nani ataenda kuuliza shirika la ndege?"

Nikamuuliza nisipofanya hivyo nitalipa ngapi.

Ukitaka kulia kwa utaratibu, omba ajenti akupigie hesabu ya ushuru. Forodha hawajali ulinunua kwa bei gani. Wana orodha ya bei za magari yakiwa mapya, wanatoa uchakavu kulingana na umri, halafu ndipo wanaanza. Asilimia 35 ya ushuru wa forodha, ambayo mpaka mwezi Juni ilikuwa 25. Juu yake asilimia 25 ya ushuru wa bidhaa kwa sababu ya ukubwa wa injini. Juu ya vyote hivyo VAT asilimia 16. Hazikai kando kando, zinapandana kama chapati kwenye sahani. Na ada nyingine ndogo ndogo, kisha stoleji. Chini ya ukurasa aliandika milioni moja, laki tatu na elfu thelathini na kitu.

Nilikuwa nayo. Hiyo ndiyo shida. Ilikuwa deposit ya nyumba ya vyumba viwili, Nairobi, niliyoilenga tangu mwaka wangu wa pili Leeds.

"Nipe mpaka jioni," nikamwambia.

Nilienda nikaketi Mama Ngina, kwenye ukuta, mahali meli zinapoingia Kilindini. Meli kubwa ikipita pale unahisi ni nyumba inahama. Nilinunua kahawa na kashata ambayo sikuila. Nilimpigia Mama. Sikumweleza habari ya gari. Nilimuuliza anakumbuka nini kuhusu ile wiki ya rally.

Akanyamaza kidogo. "Wiki ya rally ndiyo alikula," akasema. "Jumapili alikula mayai mawili. Jumatatu ukaenda. Kwani ni nini?"

"Hakuna."

"Umekula?"

"Nakula kashata."

"Kashata si chakula."

Usinivishe taji hapa. Nimewahi kutoa chai kwa askari wa barabarani kama wewe, na nitakuambia wazi kwamba sehemu ya uamuzi wangu ilikuwa woga na hesabu: pasipoti mpya inaweza kuchukua wiki nyingi, stoleji inaendelea, na ukishikwa ni kesi. Lakini nilipokuwa nimeketi pale nilijaribu kujiona nikijaza ile fomu. Tarehe ya kutoka Kenya: Juni 20, 2022. Sahihi. Nilijaribu kuandika kwa kidole kwenye ukuta wa simenti. Ningekuwa naapa mbele ya serikali kwamba Juni 25 nilikuwa Leeds. Kwamba lile yai lililiwa bila mimi. Najua karatasi haibadilishi kitu kilichotokea, sijachanganyikiwa. Lakini pia najua ofisi, nimefanya kazi ndani ya makaratasi maisha yangu yote, na wodini kitu ambacho hakikuandikwa hakikufanyika.

Ukiniuliza leo saa nane usiku, kodi ikiwa imekaribia, naweza kukuambia nilifanya ujinga. Ukiniuliza asubuhi nitakuwa na jibu jingine.

Nilirudi saa kumi na moja. "Nitalipa," nikamwambia.

Hakushangaa wala hakunisifu. "Haya. Pesa ni zako." Halafu, akiandika, akaniambia jambo ambalo nilicheka mpaka akacheka: gari la msamaha huwezi kuliuza bila kwanza kulipa ule ushuru uliosamehewa, lakini hili langu sasa limelipiwa lote. "Kesho ukitaka waliuza, dada. Uko huru kabisa."

*

Safari ya Mombasa hadi Nakuru kwa TT si ya kumshauri mtu. Ukiwa chini hivyo, trela zinakuwa milima, na unasoma majina ya kampuni za tairi kwa upande. Matuta ndiyo yaliyoniumiza. Pale Emali nilipanda tuta moja kwa mshazari, pole pole, kama mtu anayeshuka ngazi na mimba, na bado nikasikia tumbo la gari likikwaruza kwa sauti ya kijiko ndani ya sufuria. Abiria wa basi lililokuwa nyuma walinishangilia. Kesho yake nilipita Gilgil, halafu Elementaita, Soysambu ikiwa upande wa kushoto, nyasi tu na mti mmoja mmoja. Sikusimama. Nilikuwa na lori la makabeji nyuma yangu.

Mama alilizunguka gari pale Free Area mikono imeshika kiuno. "Kwani walikuuzia nusu?" Alijaribu kuingia kwa mguu, kisha kwa makalio, kisha akatoka akasema ataliombea akiwa nje.

Jumatatu nililipeleka gereji. Ni ya Karis sasa, ingawa bango bado lina jina la Baba na namba ya simu ambayo haipatikani. Juu ya compressor, katikati ya kalenda ya kampuni ya oili na picha ya timu ya mtaa, kulikuwa na karatasi iliyofifia, imebandikwa kwa selotepu. Ilikuwa ile picha niliyotuma Machi. Alikuwa ameenda saiba akaichapisha kwa rangi. Hakuwahi kuniambia. Chini yake, kwa kalamu ya kuandikia namba za spea, alikuwa ameweka alama ya kuuliza.

Nilimwambia Karis nataka bamba la chuma chini ya injini, na kama inawezekana aliinue kidogo, maana naishi Zimmerman, bedsita, na barabara ya kwenda pale inajulikana. Ndiyo, bedsita. Audi imepaki chini, kando ya matangi ya maji, na keateka anaiosha bila kuitishwa.

Karis hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari, anapangusa ile nembo kwa kidole gumba.

"Hii ni kwatro ya ukweli?" akauliza.

"Nimeambiwa."

"Mzee alisema ikikuja, kabla ya kitu kingine yoyote."

Akaweka jeki. Akaweka mawe mawili, kwa sababu Baba alimfunza kutoamini jeki. Akatandika katoni kwenye sakafu, akalala chali, akajisukuma mpaka zikabaki viatu peke yake. Vijana wengine wawili wakaacha kazi wakaja kusimama nasi. Tulisubiri. Kulisikika chuma kikigongwa na spana, mara moja, halafu tena mbele zaidi, akiifuata kutoka mwanzo.

"Niletee tochi," akasema kutoka chini.

Nikainama nikampa simu yangu, taa imewashwa. Mkono ukaichukua.

"Iko," akasema. "Inaenda mpaka nyuma. Iko, siz. Kuja uone."

Nikavua koti la kazi, nikavuta katoni nyingine.